Simba Hadanganyiki na Sanamu Mara Mbili

Simba walihitaji usiku mmoja tu kuizoea sanamu ya Richard Turere. Kijana huyo wa Kimaasai, ambaye boma la kwao liko Kitengela kwenye mpaka wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, alikabidhiwa ng'ombe wa babake akiwa na umri wa miaka tisa, na simba wakawa wanampunguzia mifugo. Alianza na moto. Moto ukawasaidia simba kuona vizuri zaidi ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliiona wakarudi walikotoka. Siku ya pili wakaikuta pale pale, imesimama vile vile, wakaipita wakaingia kula.

Kisha ukaja usiku alipokuwa akizunguka zizi na tochi mkononi, na usiku huo simba hawakusogea. Akang'amua kwamba kinachowatisha ni mwanga unaotembea. Alikuwa na miaka 11. Akatafuta betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kile kidude kinachofanya indiketa ya pikipiki iwake na kuzima, na balbu alizozitoa kwenye tochi mbovu. Akazifunga balbu hizo kuzunguka zizi, zikitazama nje, zikawa zinapokezana kuwaka. Simba wakaona mtu anazunguka boma na tochi usiku kucha, kumbe mwenyewe yuko kitandani amelala fofofo. Mwaka wa 2013 aliisimulia habari hiyo kwenye jukwaa la TED kule California, na mwaka wa 2023 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikampa tuzo yake ya wavumbuzi vijana.

Kisa hiki tumekizoea kama sifa ya mtoto mwerevu, na sifa anastahili. Lakini kina funzo jingine ambalo mji wake wa nyumbani haujalichukua. Ishara ya macho ina kazi moja: kuipeleka akili ya anayeiona mahali fulani, kwa wakati unaotakikana. Isipoifanya kazi hiyo ni pambo, hata iwe imegharimu mamilioni. Kitengela tuna mapambo mengi na ishara chache, na wanaolipia tofauti hiyo ni watu wanaovuka barabara kwa miguu.

Tuanze na akili yenyewe. Mwaka wa 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, Michael Posner, alichapisha majaribio ambayo hadi leo watafiti wa jambo hili wanayategemea. Mtu aliketishwa mbele ya skrini, akaambiwa asiondoe macho katikati, kisha abonyeze kitufe mara tu aonapo alama ikitokea kushoto au kulia. Kabla ya alama kutokea, alidokezewa upande. Dokezo likiwa la kweli, alibonyeza upesi zaidi. Likiwa la uongo, alichelewa. Tofauti yenyewe ilikuwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ila ilifichua jambo zito: macho yanaweza kubaki pale pale na akili ikawa imeshahama. Kwa hiyo dereva anayeapa mbele ya polisi kwamba alikuwa akitazama mbele huenda anasema kweli tupu, na bado hakumwona aliyemgonga.

Watafiti huyagawa madokezo mafungu mawili. Kuna dokezo linaloelekeza: mshale, maandishi, picha ya watoto wawili kwenye kibao cha shule. Hilo linataka lisomwe, lieleweke, na mwenye kuliona aamue kulifuata. Na kuna dokezo linalovuta: mwako wa ghafla pembeni ya jicho, kitu kinachochomoza mahali palipokuwa patupu, kitu kilichotulia kinapoanza kusogea. Hili la pili halingoji ruhusa. Hukuvuta hata ukiwa umeambiwa mapema kwamba halina habari yoyote ya maana. Nalo lina tabia nyingine, ambayo Posner na mwenzake Yoav Cohen waliieleza mwaka wa 1984. Mvuto ukishapita, baada ya kama theluthi moja ya sekunde, akili huwa nzito kurudi mahali pale ilipokuwa imevutwa. Mahali palipokwisha kukaguliwa hushuka thamani, na akili huendelea kutafuta kwingine.

Ukiyajua haya, utaelewa kwa nini sanamu ilishindwa na taa zikafaulu. Sanamu ilikuwa na ujumbe mzuri, kwamba hapa pana mtu, lakini ujumbe huo haukusogea. Simba aliukagua mara moja, akaufunga. Taa hazikumpa nafasi ya kufunga. Kila alipomaliza kutazama huku, kule kukawaka. Turere mwenyewe hakuishia hapo, kwani toleo la baadaye la taa zake lina mipangilio 16 tofauti ya kumetameta, ili mnyama asiweze kukariri. Na taa zinafanya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 katika jarida la PLOS ONE, ukiongozwa na Francis Lesilau, uliangalia maboma 80 kandokando ya mbuga hiyo, yenye taa na yasiyo nazo, ukapata kwamba mashambulio ya usiku yalikuwa machache kwenye maboma yenye taa.

Sasa twende barabarani.

Barabara ya Namanga inatoka Athi River ikiwa barabara kuu ya kimataifa, ile ile inayopeleka malori mpakani na kuendelea hadi Arusha. Ikifika Kitengela inageuka kuwa mtaa wa soko bila kumwambia mtu. Sensa ya mwaka wa 2019 iliupata mji huu ukiwa na zaidi ya watu 150,000, na wengi wao hawana budi kuivuka barabara hiyo kila siku: kwenda steji, sokoni, shuleni, kanisani. Dereva wa lori aliyekuwa akikimbia kwenye nyika sasa yuko katikati ya watu, na dakika hiyo ndiyo tunayoichagua kumwonyesha kila kitu isipokuwa watu.

Simama ukingoni saa mbili usiku uhesabu vinavyowaka. Skrini ya matangazo inaruka kutoka picha ya unga hadi picha ya benki, na kila inaporuka, uso mzima wa barabara hubadilika rangi. Chini yake bango linauza ploti za 50 kwa 100, hati tayari, lipa polepole. Nganya, matatu ya mapambo, imesimama steji, taa za zambarau zinakimbizana kwenye vioo vyake. Kituo cha mafuta kinang'aa. Bodaboda watatu wanatokea kwenye kichochoro bila mpangilio, mmoja taa yake ya mbele imekufa. Na katikati ya fahari hiyo yote, mama mwenye mfuko wa sukuma wiki, amejifunga leso nzito ya rangi ya bluu, anangoja penye mistari ya kivuko iliyofifia hadi ikalingana na lami. Katika eneo hilo zima, yeye ndiye kitu pekee ambacho hakiwaki, hakisogei wala hakibadiliki. Kwa kanuni za jicho, amefichwa.

Anapopiga hatua ya kwanza, ule mwendo ungeweza kumvuta dereva. Lakini kwa wakati huo huo skrini imebadilika. Vitu viwili vinashindania theluthi moja ya sekunde, na kimoja kimelipiwa na kampuni.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya Kitengela pekee. Mwaka nenda mwaka rudi, takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, huonyesha kwamba wanaotembea kwa miguu ndio kundi linaloongoza kwa vifo katika barabara za Kenya. Kila takwimu zinapotoka, jibu letu huwa ni lile lile: tunaongeza vibao. Kibao cha mwendo, kibao cha tuta, kibao cha "Punguza Mwendo, Watoto Wanavuka" ambacho husimama hapo Aprili na Agosti na Desemba, watoto wakiwa wamefunga shule. Kibao kinachosema uongo miezi mitatu kwa mwaka na usiku wote hakiwezi kuaminiwa asubuhi moja ya Jumatatu. Dereva amekwisha kukifunga, jinsi simba alivyoifunga sanamu.

Ukitaka ushahidi mwingine, tazama mstari wa manjano. Sheria za matatu, zile zijulikanazo kama Sheria za Michuki, zilipoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, kila matatu iliamriwa kujichora mstari huo ubavuni, na mwanzoni ulikuwa jambo. Leo muulize abiria aliyeshuka sasa hivi kama gari lake lilikuwa nao. Atakwambia muziki ulikuwa gani, hata sura ya mwanasoka aliyechorwa nyuma, lakini mstari hatakumbuka. Ukishakuwa kila mahali na kila wakati, umekuwa sehemu ya rangi ya gari.

Wapo watakaosema tiba ni mwanga zaidi. Kaunti zetu zimependa sana zile nguzo ndefu za mulika mwizi, na mtu aliyewahi kunyang'anywa simu gizani hawezi kuzibeza. Mimi pia nazitaka. Lakini nakumbuka moto wa Turere. Mwanga si usalama mpaka ujulikane unammulikia nani nini. Nguzo moja kubwa hutupa mng'ao machoni mwa dereva na kuacha vivuli vizito nyuma ya vibanda, na mtu anayetoka kivulini kuingia barabarani huonekana kwa kuchelewa. Taa ndogo iliyoinamishwa juu ya kivuko, ikimulika mwili wa anayevuka kutoka upande dereva anakotokea, ina faida kuliko ile kubwa inayoonekana kutoka Isinya. Turere aligeuza balbu zake zitazame nje, kwa sababu aliyetakiwa kuona alikuwa nje. Uamuzi huo haukumgharimu hata senti.

Kuna elimu nyingine ya macho ambayo wachungaji wa Kajiado, kaunti yetu, wanayo bila kupitia maabara. Mchungaji aliye na ng'ombe malishoni hahangaiki kukagua kila kichaka. Hutazama ng'ombe. Mmoja akiinua kichwa si neno, lakini watano wakiacha kula kwa pamoja, masikio mbele, nyuso zote zimeelekea korongo moja, basi macho ya mchungaji nayo huenda korongoni kabla hajajiuliza kwa nini. Binadamu nasi tuko hivyo. Mwaka wa 1998 watafiti Chris Friesen na Alan Kingstone walionyesha kwamba hata uso wa kuchora tu kwenye skrini, ukitupa macho kushoto, hupeleka akili ya mtazamaji kushoto, hata pale alipoambiwa kwamba macho hayo hayatabiri lolote. Ndiyo maana askari wa trafiki anayemgeukia mtoto anayevuka na kumnyooshea mkono hufanya kazi ambayo vibao kumi haviwezi: mwili wake wote unamwambia dereva tazama hapa, sasa hivi.

Macho yana nguvu hata yakiwa ya rangi. Huko Botswana, kwenye eneo la Okavango, watafiti waliwachora ng'ombe macho makubwa kwenye makalio, wengine wakachorwa msalaba, wengine wakaachwa bila kitu, kisha wakawafuatilia kwa miaka minne. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2020. Kati ya ng'ombe 683 waliochorwa macho, hakuna hata mmoja aliyeuawa na mnyama mviziaji kama simba. Kati ya 543 waliochorwa msalaba waliuawa wanne, na kati ya 835 wasiochorwa waliuawa 15. Simba ni mviziaji, na mviziaji akiona ametazamwa hukata tamaa. Lakini watafiti hao hao walionya kwamba huenda simba wakazoea, na kwamba haijulikani kama mbinu hiyo ingefaulu ng'ombe wote wa kundi wakichorwa. Tunarudi pale pale: ishara nzuri ikimwagwa kila mahali hujiua yenyewe.

Basi tufanye nini na mama wa sukuma wiki? Jambo rahisi kuliko yote linamhusu yeye na watoto wa shule. Mwaka wa 1973 Gunnar Johansson, mwanasaikolojia wa Uswidi, alifunga vimulimuli vichache kwenye viungo vya mtu, akamtembeza gizani. Waliotazama waliona nukta tu, lakini mara zilipoanza kusogea wakajua papo hapo kwamba yule ni mtu anatembea. Watafiti wa usalama barabarani, miongoni mwao Joanne Wood wa Australia na Richard Tyrrell wa Marekani, wameipeleka elimu hiyo barabarani. Wamepata kwamba reflekta zikifungwa kwenye vifundo vya miguu, magoti na mikono, dereva wa usiku humtambua mtu akiwa mbali zaidi kuliko reflekta hizo hizo zikiwa kifuani. Kifua hakisogei sana, miguu ndiyo inayotembea. Sisi tumewavalisha bodaboda jaketi za kifuani, tukadhani tumemaliza, na mwendaji kwa miguu hatukumpa kitu. Utepe wa kumetameta wa vifundoni ni bei ya soda. Shule za kando ya barabara, kutoka Kitengela hadi Isinya na Kajiado mjini, zingeweza kuushona kwenye soksi na mikono ya sweta za wanafunzi wanaotoka nyumbani alfajiri.

Mengine ni ya serikali, na hapa hakuna wa kujificha. Katiba ya mwaka wa 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti matangazo ya nje, na ikaiweka kwenye kifungu kimoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Waliolitunga jedwali hilo hawakuliona bango kama biashara tu. Walilipanga pamoja na moshi na kelele, vitu vinavyomwingia mtu bila hiari yake. Kifungu kingine cha jedwali hilo kinaipa kaunti taa za barabarani. Kwa maneno mengine, Kajiado ina mkono mmoja kwenye kinachovuta macho ya dereva na mkono wa pili kwenye kinachoweza kumwonyesha mtu. Barabara kuu yenyewe iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na lazima hao wawili waketi pamoja. Lakini kusema "hiyo barabara si yetu" wakati leseni ya skrini inayoitazama inalipiwa kwenye ofisi ya kaunti ni mzaha.

Nitajibiwa kwamba matangazo ni mapato, na kwamba kaunti inayodai kila mwaka kucheleweshewa pesa na Hazina ya Kitaifa haiwezi kutupa shilingi. Sijasema mabango yang'olewe. Nasema skrini inayobadilika isiruhusiwe karibu na kivuko, makutano, tuta au lango la shule. Isogezwe mbele, mahali ambapo hakuna mtu wa kugongwa. Mwenye bango hatapoteza mteja, kwa kuwa unga utauzwa hata mita 300 zaidi ya hapo.

Nitaambiwa pia kwamba dereva makini hashughuliki na mabango. Ningekubali kama mvuto ungekuwa tabia mbaya inayoweza kukomeshwa kwa mahubiri. Lakini jicho lililovutwa na mwako wa ghafla halikuamua kuvutwa. Ndilo jicho lile lile lililowaokoa babu zetu nyikani. Kumlaumu dereva peke yake huku tumemwashia disko kando ya barabara ni kumchimbia mtu shimo kisha kumshtaki kwa kuanguka.

Na hoja ya tatu, ambayo ndiyo nzito: kwamba ishara haziwezi kuchukua nafasi ya ujenzi. Hiyo naikubali kabisa. Penye watu wengi wanaovuka, daraja la wapita njia au tuta lililojengwa sawasawa litaokoa wengi kuliko taa yoyote, kama vile zizi imara linavyohitajika hata ukiwa na taa. Lakini hata tuta linahitaji lionekane kabla halijagongwa. Tuta lisilopakwa rangi ni mtego kwa mwendesha pikipiki.

Tunajua pia kinachofuata ishara ikishindwa, kwa kuwa kaunti hii imeshuhudia upande wa wanyama. Juni 2012, kule Ilmasin, Kitengela, wafugaji waliopoteza mbuzi waliwaua simba sita. Mei 2023, kule Mbirikani, simba sita wengine wakachomwa mikuki kwa siku moja baada ya kuua mbuzi. Nchi nzima, hesabu ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 ilipata simba 2,589 tu. Boma lisilo na taa, au lenye taa zilizozoeleka, huishia kwenye mkuki. Barabara isiyo na ishara za kweli huishia kwenye mochari. Tofauti ni kwamba simba wakiuawa maafisa hufika siku hiyo hiyo kuketi na wazee, lakini mama wa sukuma wiki akigongwa huandikwa kwenye kitabu cha matukio, na skrini haikosi hata zamu moja.

Pendekezo langu halihitaji kamati. Kabla leseni yoyote ya bango la kando ya Barabara ya Namanga haijatolewa kwa mwaka ujao wa fedha, afisa anayeitia sahihi aende mwenyewe mahali linapokusudiwa kusimamishwa. Aende saa mbili usiku, kwa miguu, bila jaketi ya reflekta na bila dereva wa kaunti kumngojea na taa zimewashwa. Avuke barabara kutoka upande mmoja hadi mwingine mbele ya malori yanayotoka Athi River. Akifika ng'ambo ajiulize kama dereva aliyekuja kasi alimwona yeye au aliona unga. Jibu likiwa unga, leseni isitoke.